Ni Meno Tu

Saa nane za usiku, mtaani Umoja, mpwa wangu wa miezi saba alikuwa akilia mpaka sauti imekauka. Dada yangu alikuwa kazini, zamu ya usiku. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, kwa sababu rahisi tu: niliacha chuo mwaka wa pili, na mtu aliyeacha chuo huhesabiwa na familia kama mtu asiye na shughuli. Nikiandika, wanasema nimekaa. Basi usiku huo nilikuwa nimekaa, mtoto kifuani, mwili wake una joto hadi nalisikia kupitia shati.

Mama Faith wa mlango wa pili akagonga. Nilidhani amekuja kulalamika kuhusu kelele. Kumbe hapana.

"Anko, hebu nimwone huyo mtoto."

Akanawa mikono, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, kisha akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Ni meno tu."

"Ameharisha mara tano tangu jioni, Mama Faith."

"Si ndiyo hayo meno? Yakitaka kumea hufanya hivyo. Wangu wote walipitia." Halafu akashusha sauti. "Na kama ni yale ya plastiki, kuna mama hapo Kayole huyatoa. Dakika mbili tu, na mtoto analala."

Ulimi wangu ukaenda wenyewe pale unapoendaga nikishtuka: kwenye chonge zangu za chini. Upande wa kushoto hakuna kitu. Upande wa kulia kuna kijino kimoja kilichopinda, cha rangi ya kahawia, kidogo kama punje ya mchele. Maisha yangu yote nimeficha hayo meno nikicheka. Nilipokuwa mdogo niliambiwa nilianguka.

Sikuanguka. Ila kabla sijafika huko, nikupeleke nyuma kidogo, kwa sababu maneno ya Mama Faith ni ya zamani kuliko Umoja, kuliko Nairobi, na kuliko Kiswahili chenyewe.

*

Miaka 400 hivi kabla ya Kristo, katika maandishi ya Wagiriki yanayobeba jina la tabibu Hippocrates, iliandikwa kwamba watoto wanapoota meno hupata mwasho wa ufizi, homa, degedege na kuhara. Soma tena orodha hiyo. Toa jina la Hippocrates, weka la jirani yako yeyote, na hutaona tofauti. Kama kuna maoni yoyote ya kitabibu yaliyodumu bila kubadilika kwa miaka 2,400, ni haya.

Warumi nao walikuwa na tiba: ubongo wa sungura, unapakwa kwenye ufizi ili jino lipite kwa urahisi. Unaweza kucheka, mimi pia nilicheka. Lakini tiba hiyo iliendelea kuandikwa kwenye vitabu vya waganga wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,000. Angalau ubongo wa sungura ulikuwa laini. Kilichofuata hakikuwa laini.

Katika karne ya 16, Ufaransa ilikuwa na daktari wa upasuaji aliyeitwa Ambroise Paré. Aliitwa kuchunguza maiti ya mtoto wa miezi minane, mwana wa mtawala mmoja mkubwa. Walitafuta chanzo cha kifo wakakikosa. Mwishowe wakatazama mdomoni, wakaona ufizi umevimba na ni mgumu. Wakaupasua, wakakuta meno yako tayari kabisa kutoka. Wakaamua kwamba lau ufizi ungepasuliwa mapema, mtoto angeishi.

Ukifikiria, walichokikuta ni kitu ambacho ungekikuta kwa mtoto yeyote wa miezi minane, mzima au mfu: meno yanayokaribia kutoka. Lakini mtoto amekufa, wazazi wanataka jibu, na jibu la karibu lilikuwa lile linaloonekana kwa macho. Kuanzia hapo kupasua ufizi kukawa tiba rasmi.

Ilienea kwa karne tatu. John Hunter, mmoja wa madaktari wa upasuaji walioheshimiwa zaidi Uingereza katika karne ya 18, alisema angeweza kumpasua mtoto mmoja hata mara 10. Marshall Hall, wa karne iliyofuata, aliandika kwamba ni heri apasue mara 199 bila sababu kuliko kuacha mara moja inapohitajika. Hakukuwa na ganzi. Kisu kilikuwa kikifutwa tu na kutumiwa kwa mtoto anayefuata, maana habari za vijidudu zilikuwa bado hazijajulikana. Na hawa hawakuwa waganga wa vichochoroni, walikuwa ndio wasomi wenyewe.

Mwaka wa 1839, serikali ya Uingereza ikiwa ndiyo tu imeanza kuandikisha vifo nchini kote, vifo 5,016 vya England na Wales viliwekwa chini ya sababu moja: kuota meno. Watoto elfu tano kwa mwaka mmoja, na mshtakiwa ni jino.

*

Palipo na hofu ya mzazi, biashara haiko mbali. Mwaka wa 1849, mjini Bangor, jimbo la Maine huko Marekani, dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup iliingia sokoni. Matangazo yake yalikuwa na picha za kina mama warembo na watoto wanene waliotulia. Na kweli watoto walitulia. Kila aunsi moja, yaani kama mililita 30, ilikuwa na miligramu 65 hivi za mofini, ile ile wanayopewa watu wenye maumivu makali ya saratani. Mtoto analia, mama anampa kijiko, mtoto analala. Wengine hawakuamka.

Dawa hiyo ilipata umaarufu mpaka Edward Elgar, ambaye baadaye angekuwa mtunzi mkubwa wa muziki wa Uingereza, akauita wimbo wake mmoja wa ala kwa jina la dawa hiyo. Marekani ilipopitisha sheria ya vyakula na dawa mwaka wa 1906, watengenezaji wakalazimika kuandika kilichomo. Mwaka wa 1911 chama cha madaktari cha Marekani kiliiweka dawa hiyo katika kundi walilolipa jina la wauaji wa watoto. Hata hivyo iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi.

Waingereza walikuwa na yao: poda za meno. Ndani yake mlikuwa na kalomeli, chumvi ya zebaki. Zebaki ndiyo ile ya fedha inayoteleza ndani ya vipimajoto vya zamani. Kalomeli iliharisha, na waganga waliamini kuharisha kunaondoa joto la meno. Kwa hiyo mtoto anayeharisha alipewa dawa ya kumharisha zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Australia, Uingereza na Marekani wakaanza kuandika kuhusu ugonjwa wa ajabu wa watoto wachanga. Mikono na miguu inageuka ya waridi na kubambuka ngozi, mtoto anachukia mwanga, halali, halii kama watoto wengine bali ananung'unika siku nzima. Wengine waling'oka meno. Wakauita ugonjwa wa waridi. Kwa miaka mingi wakabishana: ni kirusi? Ni upungufu wa vitamini? Josef Warkany na Donald Hubbard, waliokuwa wakifanya kazi Cincinnati, wakapima mkojo wa watoto hao wakakuta zebaki. Walichapisha matokeo yao mwaka wa 1948. Mwaka wa 1954 watengenezaji wa Uingereza wakaitoa kalomeli kwenye poda, na ugonjwa wa waridi ukatoweka karibu kabisa.

Dawa ya meno iliwang'oa watoto meno. Nilisoma hayo kwa simu, saa kumi za alfajiri, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali. Lakini nisijitangulie.

*

Najua unachofikiria: hao ni wazungu wa zamani. Sisi je?

Huku Pwani kuna neno kigego. Liko kwenye kamusi mpaka leo: mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, anayeaminika kuwa na kisirani. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Afrika Mashariki waliandika kuhusu jamii ambazo mtoto kama huyo aliuawa, au alitolewa kwa watu wengine, ili asilete mkosi nyumbani. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa meno.

Halafu kuna hayo ya plastiki. Watanzania wengi wanayaita meno ya nailoni. Uganda yana majina yake, na mwaka wa 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha taarifa kuhusu watoto wa huko waliotolewa meno kwa namna hii. Imani ni moja kila mahali: mtoto anaugua, anaharisha, ana homa, basi kuna jino bovu ndani ya ufizi, tena lina mdudu, na lisipotolewa atakufa. Mtoaji anatafuta uvimbe mweupe pale chonge itakapotokea, anachimba kwa spoku ya baiskeli, sindano ya kufuma, msumari au ncha ya kisu, na anatoa kitu laini, cheupe, chenye utelezi. "Umeona mdudu?" Mzazi anaona mdudu.

Ule uvimbe ni wa kawaida. Kila mtoto anao, kwa kuwa chonge huvimbisha ufizi miezi mingi kabla haijatoka. Na kile kitu laini ni jino lenyewe, changa, ambalo halijawa gumu. Karibu yake imejificha mbegu ya jino la ukubwani, na ncha ya spoku haichagui. Hapo ndipo mtu anapokuja kuwa na pengo akiwa na miaka 20, au kijino cha kahawia kilichopinda. Na huyo ni aliyebahatika. Wengine hupata pepopunda, au damu kuchafuka, au kuvuja damu mpaka mwisho. Kifaa kikitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, kinaweza kubeba virusi vya UKIMWI.

Wala si jambo la watu wachache. Mwaka wa 1995 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti uliofanywa vijijini katika jamii ya Wamaasai hapa Kenya. Kati ya watoto 95 wa umri wa miezi sita hadi miaka miwili, asilimia 87 walikuwa wametolewa angalau chonge moja. Mimi nilizaliwa Kajiado miaka michache baadaye, mama akiuza mitumba sokoni. Sisi si Wamaasai, lakini ufizi wa mtoto hauulizwi kabila.

Na usidhani chupa zimeisha. Mwishoni mwa 2008, huko Nigeria, watoto walianza kufa baada ya kupewa dawa ya maji ya meno iliyoitwa My Pikin. Watengenezaji walikuwa wamenunua kiungo kilichochanganyika na sumu inayoua figo. Kwa hesabu ya serikali ya Nigeria, watoto 84 walikufa. Hiyo si karne ya Marshall Hall. Mwaka wa 2008 mimi nilikuwa shule ya msingi.

*

Kwa hiyo, jino lina kosa gani hasa?

Mwaka wa 2000 madaktari wa Ohio, Marekani, walitoa ripoti baada ya kufuatilia watoto 125 siku baada ya siku, wazazi wakipima joto na kuandika kila kitu, mpaka meno 475 yakatoka. Walikuta siku chache kabla na baada ya jino kutoka mtoto hutokwa na mate zaidi, hutafuna vitu, husugua ufizi, huwa na hasira, hapendi sana chakula kigumu, na joto linaweza kupanda kidogo sana. Homa kali haikuhusiana na meno. Kuhara hakukuhusiana na meno.

Sasa mbona watu wenye akili, tangu Ugiriki hadi Kayole, waliona kinyume? Kwa sababu ya kalenda. Jino la kwanza hutoka kwenye miezi sita hivi, na mengine hufuatana mpaka yatimie 20, mtoto akikaribia miaka mitatu. Katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo, kinga aliyopewa na mama tumboni inakuwa imepungua. Katika miezi hiyo hiyo anaanza kula uji na viazi vya kupondwa, na chakula kinaweza kuja na maji machafu. Katika miezi hiyo hiyo anajifunza kutambaa, na kila anachokutana nacho sakafuni anakipeleka mdomoni. Ungemwangalia mtoto yeyote wa umri huo ungemkuta anamea jino. Akiugua, anaugua akiwa anamea jino. Akifa, anakufa akiwa anamea jino. Jino linakutwa kila mahali pa tukio, basi linashikwa.

Na hatari ya kushika mshtakiwa asiye na hatia ni kwamba mwenye hatia anabaki nje.

*

Mama Faith alipoondoka nilimpima mtoto joto: 39.2. Nilimtazama macho, nikaona yameingia ndani. Nepi ilikuwa kavu kwa saa nyingi, hana hata machozi. Nikamfunga kwa leso, nikaita bodaboda, tukaenda.

Daktari aliyekuwa zamu, dada mwenye umri kama wangu, alimfinya ngozi ya tumbo na kuiachilia. Ilirudi polepole. "Amekaukiwa maji," akasema. "Mmekuja wakati mzuri." Nikamwambia nilikuwa nimeambiwa ni meno. Hakunicheka. Alisema husikia hivyo kila wiki, na kwamba wanaomsumbua si wale wanaokuja wakisema ni meno, ni wale wanaobaki nyumbani wakisema ni meno.

Tulimpa ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika tunangoja tunaanza tena. Kufikia asubuhi alikojoa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile. Tukarudi nyumbani na pakiti za ORS na vidonge vya zinki, na maelekezo kwamba aendelee kunyonya.

Kuhusu meno yenyewe, daktari alinipa mambo ambayo hayajazi hata nusu ya karatasi. Nawa mikono umsugue ufizi kwa kidole. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi na kupozwa, atafune ukimwangalia. Kama una kile kichezeo cha kutafuna, kipoze kwenye friji, usikigandishe. Mfute mate kidevuni ngozi isichubuke. Akiteseka sana, uliza kliniki kuhusu parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Usimpake jeli za kutia ganzi, usimvishe shanga za shingoni zinazoweza kumkaba, usimpe asali kabla ya mwaka mmoja. Na joto likifika 38, au akiharisha, au akikataa kunyonya, mlete. Usilaumu jino.

Asubuhi hiyo nilimpigia mathe. Nilimweleza yote, kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima: "Mama, niliangukia wapi?"

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Hukuanguka," akasema. "Kabla yako kulikuwa na mwingine. Alikuwa na miezi minane. Aliharisha, wakaniambia ni meno, ningoje yatoke. Nikangoja siku nne." Akanyamaza tena. "Wewe ulipofika miezi hiyo hiyo ukaanza vile vile, nikasema safari hii singoji. Nikakupeleka kwa nyanya mmoja pale nyuma ya soko. Nilikushika kichwa mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Miaka yote nikificha mdomo kwenye picha, nilijua nikija kupata mwenye kosa nitamwambia. Lakini niliyempata ni mama wa miaka 22 aliyekuwa amezika mtoto kwa kungoja, na akaapa hatangoja tena. Maneno yale yale matatu yalimfanya akae alipopaswa kukimbia, kisha yakamfanya akimbilie kusikofaa. Paré naye alikuwa na maiti ya mtoto mbele yake. Hakuna hata mmoja wao aliyekosa upendo. Walikosa habari.

"Ungekuwa na daktari karibu ungeenda?" nikamuuliza.

"Ningeenda na miguu, mwanangu."

Jioni Mama Faith alikuja kumwona mtoto, amebeba ndizi. Nilimweleza alichosema daktari. Nikamwonyesha pia chonge zangu, kitu ambacho simwonyeshi mtu. Alizitazama kwa muda, kisha akasema hatamtaja tena yule mama wa Kayole kwa mtu yeyote. Sijui kama atatimiza. Aliomba pakiti moja ya ORS akaiweke kwake.

Siku 11 baadaye nilikuwa nikimlisha mpwa wangu uji. Hakuwa na homa wala kilio, amejaa uji hadi masikioni. Kijiko kikagonga kitu: tik. Nikamfungua mdomo nikatazama. Jino la kwanza, jeupe, limechungulia upande wa chini. Lilikuwa limetoka bila hata mmoja wetu kujua.